Soketi Nyeupe ya Chumba cha Mashuka

Jumatano, wiki ya pili ya Julai. Dada yangu alifariki asubuhi, nesi akiwa ameenda kuleta chai ya wagonjwa, katika hospitali ambayo mimi mwenyewe nilishiriki kuvuta waya za kompyuta zake. Nilimpoteza yeye. Na kabla jua la siku ile halijazama nilikuwa nimepoteza pia jambo moja tu aliloniomba.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Aliomba azikwe siku atakayokufa. Kwetu Tanga hilo halihitaji kuombwa, ndivyo inavyofanyika: mtu akifa alfajiri, adhuhuri anaswaliwa, alasiri watu wanarudi kutoka makaburini wakipangusa mavumbi miguuni. Lakini shemeji yangu, mume wa dada, alifia huku Johannesburg, akalala kwenye friji ya mochwari muda mrefu huku sisi tukizungushwa kutafuta karatasi zake. Dada hakulisahau hilo. Alikuwa akisema huku anasukuma chapati jikoni kwake Malvern, ambako alipika chakula cha kuwauzia wenye maduka wa Jules Street:

"Mimi nikifa msinilaze kwenye friji. Baridi ya Joburg nimeshaila ya kutosha nikiwa hai."

Tulicheka. Binti yake, aliyezaliwa hapa, anasikia Kiswahili vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza. Akamwambia mama yake aache, anatisha watu.

"Siwatishi. Nawaagiza," dada akasema, akageuza chapati.

Jumanne jioni, moyo ukiwa umemchosha na pumzi zimekuwa fupi, aliniuliza kitandani kama nakumbuka lile agizo la friji. Nikamwambia nakumbuka. Akasema, "Haya," akafumba macho. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho.

Sasa nieleze habari ya hospitali na zile waya, maana bila hivyo siku yenyewe haieleweki.

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba. Huku nimebeba mizigo, nimelinda mageti, kisha nikaingia katika kampuni ndogo ya kuvuta waya za kompyuta, kazi yangu ngazi na drili. Fomeni wangu ni Mkongomani wa Lubumbashi, anakaa Troyeville, mimi nakaa Bertrams, na asubuhi ananipitia na bakkie yake, pikapu ya zamani. Tunaongea Kiswahili, yeye chake cha Kongo, watu kwake ni batu, mimi changu. Mwaka jana kampuni yetu ilipewa kipande cha kazi katika hospitali moja ya serikali. Hospitali ilikuwa inaacha mafaili ya karatasi. Kila mgonjwa angeingizwa kwenye kompyuta tangu anapofika mpaka anapotoka, kwa miguu yake au kwa kubebwa.

Kabla ya waya kuna kupanga. Watu hudhani kupanga kunafanyika ofisini tu, lakini sehemu kubwa ni kutembea. Tulimfuata mpangaji, msichana wa kampuni kubwa iliyotuajiri, wodi kwa wodi, fomeni na futi yake, mimi na ngazi. Aliuliza manesi wanakaa wapi wanapoandika, toroli la dawa linapita wapi, mlango upi haufungwi. Alikuwa mtu mzuri. Aliuliza na alisikiliza, na nasema hivyo kwa sababu baadaye watu walitaka kumfanya yeye ndiye mwenye makosa yote.

Kila jengo lilihitaji kabati la chuma, kama kabati la nguo lakini lina milango ya vioo, ambamo waya zote za jengo hukutana. Kabati likizima, jengo zima linakuwa halina mtandao, hata kama kila kompyuta inawaka. Linataka chumba chenye kufuli, na chumba chenyewe kisiwe mbali, maana waya wa aina ile hautakiwi kuzidi mita tisini. Lakini hospitali ile haina chumba cha bure. Kila mlango tuliofungua tulikuta mtu anafanya kazi, au tulikuta vitanda vilivyovunjika vimerundikwa mpaka darini. Mwisho ukapatikana mlango mmoja katikati ya jengo la wodi, una kufuli nzuri: chumba cha mashuka.

Sista mkuu wa wodi ile, mama wa Kizulu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, alisimama mlangoni, akamgeukia fomeni, akimwita kaka kwa Kizulu.

"Na mashuka yangu yaende wapi, bhuti? Ndani ya kompyuta?"

Mpangaji akamwambia yatapelekwa jengo la pili, si mbali.

"Si mbali kwa nani? Wewe una miguu mipya." Kila mtu akacheka, yeye mwenyewe pia. Mashuka yakahama.

Katika hospitali za huku kuna soketi za rangi mbili. Nyeupe ni ya umeme wa mtaa, ukikatika nayo inakufa. Nyekundu inashikwa na jenereta, haifi. Hilo hata mfagiaji analijua. Mashine za kupumulia ziko kwenye nyekundu. Katika chumba cha mashuka kulikuwa na soketi moja tu, ya zamani, ya kuchomekea pasi. Nyeupe.

"Kaka, hii nyeupe," nilimwambia fomeni siku tuliyoingiza kabati. "Umeme ukikatika?"

"Eh ndugu, mambo ya umeme iko na batu yake. Sisi batu ya data. Bao batakuja kuweka ya nyekundu."

Hakuwa mvivu. Ndivyo kazi inavyogawanywa huku. Mtu wa data hagusi umeme, maana akigusa na pakatokea ajali, kampuni yake inafukuzwa saiti siku hiyo hiyo. Mtu wa umeme naye hagusi data. Kila kampuni ina mchoro wake, inafuata mchoro wake, inalipwa kwa mchoro wake. Na watu wa umeme walikuja kweli. Ila mchoro wao ulichorwa kabla kabati halijapata chumba. Kwao kile kilikuwa bado chumba cha mashuka, taa moja na soketi ya pasi. Wakakagua taa, wakakagua soketi ya pasi, wakaondoka. Mchoro wetu sisi, penye kabati, uliandikwa kwamba umeme upo. Na kweli ulikuwepo. Tukachomeka, taa za kijani zikaanza kuchezacheza nyuma ya kioo, wakubwa wakapiga picha.

Nayasema kama mtu aliyeyajua yote. Sikuyajua wakati ule. Nimeyapata baadaye kwa vipande vipande.

Mfumo ulianza kutumika Jumatatu. Dada alikuwa ameshalazwa, katika wodi ile ile. Jumanne alimwona nesi anagonga kompyuta kwa kidole kimoja, akaniambia, "Hebu waambie na mimi nije niwachapie." Kuandika kwa mashine alikuwa hajui. Alikuwa anataka tu nesi aende haraka.

Jumatano asubuhi sista mkuu alinipigia. Nilipofika, mpwa wangu alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti cha plastiki, koti halijafunguliwa zipu. Sista akaniambia pole. Akanitazama tena, akasema, "Wewe si mtu wa ngazi?" Nikasema ndiye mimi. Akanishika bega. Kisha akasema shuka la kumfunikia limefuatwa jengo la pili na aliyetumwa bado hajarudi. Mpwa wangu akafungua mfuko aliokuja nao, akatoa kanga ya mama yake, nyekundu na nyeusi, tukamfunika kwa hiyo.

Nikampigia mzee wa Unguja anayesimamia mazishi ya watu wetu.

"Inna lillahi," akasema. "Pole, mwanangu. Kaburi linaanza kuchimbwa sasa hivi. Akina mama wa kuosha nawaita. Wewe kazi yako moja tu, nitolee mtu hospitali. Makaburini wanafunga geti saa kumi na moja, na hawa wa getini ukiwabembeleza wanakuangalia tu."

Ilikuwa bado mapema. Nikaona tunaweza. Nakumbuka kabisa kwamba nilijisikia nafuu, nikawaza kwamba hili la dada litatimia.

Daktari alikuja, akajaza karatasi ya serikali kwa kalamu, akapiga muhuri. Hiyo haikuwa na tatizo. Kilichobaki ni kufunga faili la mgonjwa kwenye kompyuta, utaratibu mpya. Faili likifungwa, kompyuta inatoa namba. Namba inaonekana mochwari, na inaonekana getini. Bila namba, gari la maiti halitoki. Daktari akakaa kwenye meza ya manesi, akavuta kibodi, na umeme ukakatika.

Taa zilizima, zikarudi. Jenereta ilisikika ikinguruma nyuma. Kompyuta ya meza ya manesi haikuzima hata kidogo, iko kwenye nyekundu. Daktari akabonyeza. Akasubiri. Akabonyeza tena.

"Hakuna mtandao," akasema.

Sista mkuu akanitazama. Hakunilaumu. Alinitazama tu kama unavyomtazama fundi bomba aliye karibu maji yanapokatika.

Mimi nilijua hata kabla ya kwenda kuangalia. Hata hivyo nilikwenda. Mlango wa chumba cha mashuka umefungwa, chini yake kuna matundu ya hewa ya bati tuliyoyaweka sisi. Nikapiga magoti sakafuni, nikachungulia. Siku zote pale ndani kuna vitaa vya kijani, vingi, vinacheza. Kulikuwa giza.

Mpwa wangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Anko, si nyinyi mliofunga hii kitu?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Ndiyo."

"Sasa?"

"Soketi ni nyeupe," nikasema. Hakuelewa. Magoti ya suruali yalikuwa na vumbi, nikayapangusa.

Sista akapiga simu kwa watu wa kompyuta. Tulimsikia upande wake tu. "Hapana, siwezi kuzima na kuwasha. Chumba kimefungwa. Ufunguo mnao nyinyi... Mwanangu, mimi ni nesi, sina ufunguo, mlisema ni usalama." Akakata, akatueleza. Mwenye ufunguo ni fundi mmoja, na siku ile alikuwa hospitali nyingine, wanaitayarisha nayo ianze. Alikuwa anakuja. Lakini umeme ulikuwa umekatika upande mzima wa jiji, roboti, zile taa za kuongozea magari, zimezima zote, magari yanapishana kwa kuoneana haya kwenye njia panda. Angefika atakapofika.

Nikamuuliza sista kama hakuna njia ya karatasi. Katika vikao vya kupanga niliwasikia kwa masikio yangu wakisema siku mtandao ukikosekana kutakuwa na fomu za dharura.

"Zipo," akasema.

"Ziko wapi?"

"Kwenye kompyuta. Unazichapisha."

Sista akaanza kucheka, kicheko kibaya, kinatoka puani. Mpwa wangu akacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, dada amelala nyuma ya pazia hatua chache tu. Tulipomaliza kucheka ilikuwa vibaya kuliko mwanzo.

Adhuhuri ikapita. Mzee akapiga. "Bado," nikamwambia. Nikashuka mochwari, jengo dogo ng'ambo ya uwanja, nikaongee na mhudumu wa kule. Ni mtu wa makamo, ana sweta la shule la rangi ya damu ya mzee, nadhani la mtoto wake aliyemaliza.

"Baba," nikamwambia, "karatasi ya daktari ninayo. Nipe ruhusa nimtoe ndugu yangu wodini nikamzike."

Akaisoma yote, mbele na nyuma. "Wiki iliyopita ningekupa sasa hivi," akasema. "Nilikuwa nasoma hii, naangalia lebo ya mguuni, nafungua mlango. Sasa nikikupa utafika getini, watakurudisha, na mimi watanifukuza. Tazama." Akanionyesha kompyuta yake mezani, inawaka vizuri, imeandika kwamba inasubiri. Jengo lile dogo halikupewa kabati lake, waya wake unapita kwenye kabati lile lile la wodi. Niliupitisha mimi, juu ya dari ya korido, nikikohoa vumbi.

"Na wengine?" nikamuuliza.

"Wote wanasubiri. Huko nje kuna familia imetoka mbali, Limpopo, na gari la kukodi. Hauko peke yako, bhuti."

Kutokuwa peke yangu hakukunisaidia chochote.

Fundi wa ufunguo alifika alasiri imeingia. Kijana, jasho linamtoka ingawa ni Julai. Alifungua chumba bila hata kusalimia, na sikumlaumu. Nilikuwa nimeshatafuta ekstensheni kwenye chumba cha chai cha manesi. Soketi nyekundu ilikuwa pale pale koridoni, upande wa pili wa ukuta, ningeweza kuweka kiganja kimoja kwenye nyekundu na kingine kwenye nyeupe kama si matofali. Fundi akachukua plagi, akainama mbele ya soketi nyekundu, akasimama tena.

"Siwezi," akasema.

"Kwa nini?"

"Mstari huu ndio wenye mashine za kupumulia. Sijui umebeba mzigo kiasi gani. Nikichomeka ukakatika, je? Lazima injinia wa majengo aruhusu."

Injinia wa majengo akapigiwa. Alikuwa nje na watu wa jiji, kwenye kituo cha umeme, simu inaita haipokelewi. Akapigiwa tena. Nikampigia fomeni wangu, nikidhani yeye ana la kusema.

"Ndugu, pole sana, pole sana," akasema. "Lakini usiguse. Minajua ni dada yako. Usiguse, ile soketi haina yetu. Mutu akikufa juu ya ile, batasema ni sisi. Unanisikia? Usiguse."

Alikuwa sahihi. Fundi alikuwa sahihi. Mhudumu wa mochwari, sista, mlinzi wa geti la hospitali, wote walikuwa sahihi, na ningepata hata mmoja wa kumgombeza ningemshukuru. Fundi alikwenda kumtafuta injinia kwa miguu. Nikabaki mimi na ekstensheni mkononi. Sitaki kudanganya: niliwaza kuichomeka. Nyuma ya ukuta ule nilisikia mashine ya mtu ikivuta na kutoa pumzi. Sikuichomeka. Ningependa kusema ni kwa ajili ya mtu yule. Huenda ni kwa ajili ya kazi yangu. Mpaka leo sijui ni kipi.

Mzee akapiga simu tena.

"Mwanangu, makaburini wanafunga geti. Nimewaambia vijana wafunike kaburi kwa mabati mpaka kesho. Na wale akina mama nimewaruhusu warudi majumbani."

"Haya, mzee."

"Usijiumize. Hukuliumba wewe."

Nikasema haya tena.

Magharibi ilipokaribia, wapagazi walikuja na toroli. Tulitembea nyuma yake kuvuka uwanja, mpwa wangu na mimi, upepo ule mkavu wa Julai unapuliza. Mhudumu alikuwa amefungua mlango. Ndani kulikuwa na mlio mzito wa mota, nikatazama ukutani bila kutaka, kama mtu wa kazi anavyotazama. Friji ilikuwa imechomekwa kwenye soketi nyekundu. Haikuzima siku nzima. Hiyo mtu aliipanga vizuri.

"Mjomba," mpwa wangu akasema, "mwambie asimwingize." Alisema kwa Kiswahili.

Nikamwambia mhudumu, nikichanganya Kizulu changu kibovu na Kiingereza, kwamba marehemu aliomba asilale humu.

Akasimama, mkono kwenye mpini. "Wengi huomba hivyo," akasema. "Siwezi kumwacha nje, bhuti. Lakini nitamweka ya chini. Ya chini haina baridi sana."

Sijui kama ni kweli. Alimtoa kanga, akamfunika shuka la hospitali. Yeye mashuka alikuwa nayo. Akasukuma droo taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba mtoto amelala.

Mpwa wangu hakutaka kurudi Malvern. Alilala kwangu Bertrams, kitandani, mimi sakafuni.

Umeme ulirudi alfajiri ya Alhamisi. Kompyuta ikatoa namba kama vile haikuwa na ugomvi na mtu yeyote. Gari likapita getini, akina mama wakamwosha, akaswaliwa, akazikwa kabla ya adhuhuri. Watu walikuwa wengi, hata wateja wake wa Jules Street, Wanigeria na Wahabeshi, walikuja wakasimama kando. Mzee wa Unguja aliniambia siku moja si kitu, dini haina lawama kwa jambo lisilo katika uwezo wako. Namwamini. Ila mimi sikuwa nimeahidi dini. Nilimwahidi yeye.

Baadaye kidogo kulikuwa na kikao hospitalini. Fomeni alikwenda, mimi sikuitwa, akanisimulia ndani ya bakkie. Kila kampuni ilileta mchoro wake na kila moja ikaonyesha kwamba imefuata. Michoro miwili ikawekwa mezani pamoja kwa mara ya kwanza. Katika mmoja kuna kabati, katika mwingine kuna mashuka, chumba ni kile kile. Watu wakatafuta pa kumbana yule msichana mpangaji. Fomeni anasema hakujitetea, aliuliza tu marehemu wa siku ile walikuwa wangapi. Mwisho wakaamua kwamba soketi nyekundu itavutwa chumbani, lakini ikisubiri hesabu ya mzigo wa jenereta, na idhini, na bajeti. Kwa sasa iwekwe betri ya akiba.

Betri ile tuliibeba sisi wawili, nzito kama jiwe la kusagia, tukipumzika kila kona. Tuliiweka chini ya kabati, tukaiunganisha. Fomeni akazima ile soketi nyeupe kujaribu. Vitaa vya kijani vikaendelea kucheza.

"Sharp, iko muzuri," akasema.

"Inakaa muda gani?"

"Masaa mbili. Labda na nusu."

"Siku ile ulikatika asubuhi, ukarudi alfajiri."

Akafuta mikono kwenye ovaroli, akaiwasha soketi tena. "Minajua, ndugu," akasema. "Minajua."

Sista mkuu akapita koridoni, akaingiza kichwa. "Na mashuka yangu mmeyaleta?" Alipoona ni mimi hakuendelea na utani. Akanigusa bega kama siku ile, akaenda zake.

Fomeni akanituma mochwari niangalie kama kompyuta ya kule nayo ilibaki na mtandao. Sikutaka kwenda, lakini ni kazi. Mtandao ulikuwepo. Nilikuwa nageuka niondoke mhudumu aliponiita. Akafungua kabati lake mwenyewe, lile la koti na chakula cha mchana, akatoa mfuko wa plastiki wa mkate. Ndani kulikuwa na kanga ya dada, imekunjwa mara nyingi, ndogo kama kitabu.

"Asubuhi ile ya kumchukua mlikuwa na haraka," akasema. "Sikujua nimpigie nani. Namba yako ya simu iko kwenye kompyuta, na marehemu akishatoka, kompyuta hainifungulii faili lake. Nikasema utakuja tu, wewe mtu wa ngazi." Akanikabidhi mfuko. "Mke wangu ameifua."

Ilinukia sabuni ya mche, ile ya kijani. Nikamshukuru kwa Kizulu, "Ngiyabonga, baba." Nikaiweka kwenye begi la vifaa, juu ya koleo, nikafunga zipu. Fomeni alikuwa ananiita kutoka nje, ngazi bado haijapakiwa. Nikaenda kupakia ngazi.